Kifimbo Changu kwa Mzee Nzeyimana

Vijana wangu wa fanfari, bendi yetu ya vyombo vya shaba, mmeniomba niwaandikie maneno machache kuhusu kazi yangu, yasomwe siku ya kuzindua tarumbeta zenu mpya. Machache siyawezi. Nimepuliza na kuongoza wapulizaji hapa Bujumbura tangu miaka ya uhuru mpaka meno yaliponikimbia, na mpulizaji asiye na meno hubaki na kazi moja tu, ya kusema. Basi kaeni. Na yule anayebonyezabonyeza pistoni za tarumbeta huku maneno yangu yanasomwa, aache. Mnanunuliwa vitu vizuri mnavichezea kama filimbi za sokoni.

Tuanze na mafuta, maana nimeona mnavyotunza vyombo na nimekasirika. Pistoni hutiwa mafuta mepesi. Sisi tulitia mafuta ya taa, tone moja, tukafuta kwa kitambaa. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilitia mawese. Kwetu Uvira mawese hutibu kila kitu: ngozi, kidonda, bawaba ya mlango, hata huzuni. Siku ya Krismasi, katikati ya wimbo, pistoni zote tatu zikazama zisirudi juu, nikabaki na sauti moja mpaka mwisho wa ubeti. Mama mmoja wa benchi la mbele alikuja kuniambia kwamba alibarikiwa sana. Tarumbeta ile ilinuka sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, mpaka Pasaka.

Aliyeiosha ni Bwana Mikkel, Mdenmaki wa misheni ya hapa aliyenifundisha kazi hii. Alikuwa mrefu, shingo nyekundu kwa jua, na hasira yake ilikuwa ya upole sana hata ukatamani akupige. Aliichokonoa tarumbeta kwa waya na kitambaa, akanirudishia, akasema, "Elisha, hii si mboga." Basi.

Alinifundisha mengi, lakini moja ndilo lililotaka kunimaliza. Kabla fanfari haijaanza, alisema, chukua kifimbo chako cha kuongozea, gonga mara mbili juu ya kile chuma cha kuwekea karatasi za nyimbo. Ko, ko. Ukigonga mara moja watu watadhani kitu kimeanguka. Mara mbili ni wito. Nikawazoeza watu wangu hivyo kila jioni mpaka ikawa kama ugonjwa. Wakisikia ko, ko, mabega yanapanda, pumzi inaingia, tarumbeta ziko mdomoni kabla akili haijauliza kuna nini. Siku moja kwenye arusi kule Bwiza, jirani alikuwa anapigilia bati la jiko lake. Pasta yuko katikati ya sala, sote tumefumba macho. Jirani akagonga: ko, ko. Fanfari nzima ikalipuka na wimbo wa maandamano. Bwana arusi akadhani sala imekwisha, akamkumbatia mkewe. Pasta yule hakutuita tena kwenye arusi yoyote mpaka alipohamishwa.

Chekeni, lakini iwekeni akilini hiyo ko, ko.

Mimi si mtu wa hapa kwa kuzaliwa. Mnajua, ila mmezoea kusahau, na nawashukuru kwa kusahau. Nilivuka kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, na mke wangu, Mama Furaha, mwaka wa kuelekea uhuru, nikiwa na tarumbeta ndani ya gunia na majivuno mengi. Ukisimama ufukweni Kajaga unaiona milima ya kwetu wazi kabisa, na tulidhani kwa ukaribu huo tutakuwa tunakwenda na kurudi kama mtu anayetoka jikoni kwenda sebuleni. Kisha kule kukawaka moto. Leo waasi wameshika mji, kesho askari, na kila aliyeingia alitafuta watu wa yule aliyetoka. Watu wetu wakavuka kwa mitumbwi na kwa miguu, wakajaa mitaa ya Buyenzi na Bwiza, wanalala barazani kwa watu. Na wenyeji wakaanza kutuangalia upande. Nani mkimbizi, nani mwasi aliyejificha? Usoni haikuandikwa.

Ndipo kamio zilipoanza kupita. Kamio ni malori ya jeshi, nyinyi mngeyaita hivyo. Kamio ilikuwa ikisimama kwenye nyumba ya Mkongomani, inapakia watu, inakwenda mpakani, na kule ng'ambo wanashushwa mikononi mwa yeyote anayeshika bunduki siku hiyo. Shemeji yangu Wilondja, kaka yake Mama Furaha, fundi viatu, alichukuliwa akiwa na kiatu cha mteja mkononi. Hatukupata habari zake tena, wala za kaburi lake. Tangu siku ile, kila kamio ikipunguza mwendo karibu na kwetu, Mama Furaha aliacha mwiko ndani ya sufuria na kusimama tu. Ugali uliungua mara nyingi nyumbani kwangu miaka ile, nikaula hivyohivyo.

Kilichozuia mimi nisipakiwe kilikuwa kitu kimoja: fanfari. Wakubwa walitaka muziki wa shaba siku ya sikukuu ya uhuru, na hapakuwa na mwingine wa kuiongoza. Bwana wa protokole, yule mkubwa wa ofisi aliyepanga sherehe, mtu wa suti na miwani myeusi, hakunificha.

"Metre," aliniambia, maana ndivyo walivyoniita, yaani mwalimu, "we uko hapa juu ya hii fanfari. Siku fanfari apana kuwa na kazi na we, na sisi apana kuwa na kazi na we."

Sasa mnaelewa nilivyokuwa nimesimama. Nilikuwa juu ya tawi moja, na mwenye panga alikuwa chini ananitazama.

Siku moja kabla ya sikukuu, asubuhi, tulikwenda kufanya mazoezi ya mwisho kwenye uwanja wa mpira. Wapiga ngoma wa mwami, mfalme wa Burundi, walikuwa wameshuka kutoka milimani. Mmewaona, sina haja ya kuwasifia. Kipindi kile mwami bado yupo, na ngoma zile hazikuwa burudani. Zilikuwa za mwami na za koo zilizorithishana kuzipiga, baba kwa mwana, na hakuna mwingine aliyezigusa. Ngoma ya katikati ndiyo inayoamrisha. Yule anayeisimamia akibadili, wote wanabadili. Mwenye ngoma ya katikati alikuwa Mzee Nzeyimana, mfupi, kichwa cheupe, mikono mirefu kuliko mwili. Haya nayajua leo. Siku ile niliona ngoma tu, tena zenye kelele, na nikajali zaidi jua.

Jua ni jambo la kazi, sikilizeni. Shaba ikipata joto sauti inapanda. Ukiwaweka watu uwanjani saa nzima, kila chombo kinapanda kwa namna yake, na mnapoanza mnasikika kama mbuzi waliofungwa pamoja. Dawa yake ni vitenge. Funikeni vyombo kwa vitenge vya wake zenu mpaka dakika ya kupuliza. Nilikuwa napita napita nikifunika watu vyombo vyao, kichwa kimejaa mambo hayo, wakati protokole alipopiga kelele kutoka jukwaani, "Fanfari! Sasa!"

Ngoma zilikuwa zimenyamaza kidogo kwa kupumzika. Chuma changu cha kuwekea karatasi kilikuwa kimebaki kanisani. Nilikuwa nimesimama karibu na ngoma ya katikati, ukingo wake umenifikia usawa wa mkono. Mkono wangu haukuuliza mtu. Ukagonga ukingoni kwa kifimbo: ko, ko.

Watu wangu wakavuta pumzi. Lakini hakuna aliyepuliza, kwa sababu wapiga ngoma wote walikuwa wamegeuka kunitazama, na uso wa mtu mzima anayekutazama vile unakata pumzi hata kwa mpulizaji.

Mzee Nzeyimana alikuja mbele yangu taratibu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kidogo lakini kinatosha.

"Nani ametuma we kuita ngoma?"

Mimi, mjinga wa Mungu, nilidhani anauliza mambo ya kazi. Nikajibu, "Protokole."

Zakaria, mpulizaji wangu wa besi kubwa, Mrundi wa hukohuko milimani, alifumba macho. Alinieleza baadaye: ngoma ile huitikia mwami, na mimi nilikuwa nimesema mbele ya watu wake wote kwamba imeitwa na karani. Mzee alinipa mgongo. Alisema neno moja kwa Kirundi, wakainama, wakazinyanyua ngoma vichwani na kutoka uwanjani kwa mstari, bila hata mmoja kugeuka nyuma.

Protokole alishuka jukwaani anakimbia. Akamwita ofisa wa askari waliokuwa langoni, akamwambia awarudishe wale wazee kwa nguvu. Ofisa akatazama viatu vyake.

"Ngoma ya mwami, mi apana kuigusa na bunduki, chef," akasema, yaani mkubwa.

Basi hasira yote ikanigeukia mimi. Protokole alinishika ukosi.

"Ni waasi wamekutuma, eh? Umekuja kutuharibia sikukuu! Sikia. Kesho ngoma zikikosa hapa, kamio ya kwanza ni yako, na bibi yako, na batoto yako. Umesikia?"

Nilisikia.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Mikkel, kwenye kile chumba alichotengenezea vyombo. Alikuwa ananyoosha tarumbeta iliyobonyea. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Hakuacha kazi. Akaanza kunisimulia habari za babu wa babu yake, ambazo nilikuwa nimezisikia vipandevipande kwa miaka: mtu mmoja aitwaye Johann, Mjerumani wa kuzaliwa, mtoto wa mfuma nguo, aliyekwenda Denmaki akiwa kijana na tarumbeta begani. Aliajiriwa na mji mdogo wa bandari. Akapiga kinanda kanisani, akapiga kwenye arusi na maziko, akawafundisha wachukuzi wa bandarini kusoma noti. Aliongea lugha yao kwa lafudhi mbaya mpaka kufa, na watoto walimwigiza njiani. Alioa binti wa mwokaji mikate. Nyimbo zake za maandamano zikapendwa mpaka watu wa mji wakadhani ni za mababu zao.

"Halafu," akasema Bwana Mikkel, "vita vikaja, Wajerumani na sisi."

Kipande hicho sikuwahi kukisikia. Nikaketi.

Vijana wa mji wakaenda vitani, wengine hawakurudi. Watu wakavunja madirisha ya Johann kwa mawe. Wapulizaji wake, wale wachukuzi aliowafundisha yeye mwenyewe, wakakataa kupuliza chini ya kifimbo cha Mjerumani. Mkewe akamwambia warudi kwao Ujerumani. Yeye akasema, kwetu ni wapi? Jioni ya mazoezi alikwenda kama kawaida, akaweka kifimbo mezani, akapita mpaka kiti cha mwisho kabisa, akaketi na kupuliza honi ya pili, ile tarumbeta ya kusindikiza tu, akiongozwa na mwanafunzi wake. Alikaa kwenye kiti kile mpaka vita vilipokwisha na zaidi. Kisha jioni moja akafika akakuta kifimbo kimewekwa juu ya kiti chake.

"Amezikwa kule," alimaliza Bwana Mikkel. "Watu wameshasahau kwamba alizaliwa kwingine."

Nawaambia ukweli, nilikasirika. Nilimwambia, "Babu yako alivunjiwa vioo. Mimi mlango wangu ni wa bati na kamio inajua njia." Nikatoka bila kuaga. Yule mzungu aliniita, sikugeuka. Hadithi nzuri ikisimuliwa kwa mtu mwenye hofu ni kama kumpa maji ya kunawa mtu mwenye kiu.

Zakaria alinipata njiani, karibu na mlango wangu. Huyu Zakaria lazima niwaeleze: alikuwa shemasi wa kanisa letu, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kupakia kreti kwenye kiwanda cha bia. Mchana anazibeba, Jumapili anazilaani. Alikuwa amewafuata wapiga ngoma na kujua walikoketi, nyuma ya shule moja, wanangoja gari la kuwarudisha kwao asubuhi.

"Tunaenda kuomba msamaha," akasema. "Lakini kwetu mutu haombi msamaha mikono mitupu, tena haendi mwenyewe. Anaenda na mutu wa kumusemea, na anabeba impeke."

Impeke ni pombe ya mtama. Nikamwangalia.

"Zakaria, sisi ni watu wa kanisa."

"Najua."

"Basi kainunue."

"Mi? Mi ni shemasi, Metre! Mutu akiniona na chungu cha pombe kichwani?"

Tulibishana pale barabarani, watu wazima wawili, mmoja anakaribia kupakiwa kama mzigo, juu ya nani atabeba chungu. Nikapendekeza chai. Akaniambia chai haipatanishi mtu na mtu, chai ni ya wagonjwa. Mwishowe Mama Furaha alitoka ndani. Alikuwa amesikia yote, hata lile la kamio, ambalo nilikuwa nimepanga kumficha. Hakulia. Alijifunga kitenge, akaenda kwa mama muuza pombe wa nyuma ya soko, akarudi na chungu kichwani na mirija mkononi, akapita mbele ya mlango wa mchungaji bila kupunguza mwendo.

"Beba," akamwambia Zakaria. "Mungu aliye huku ndiye aliye Uvira, na kule amenichukulia kaka. Sitampa na mume kwa sababu ya mtama."

Zakaria akabeba.

Jua lilikuwa linateremka tulipofika. Wazee walikuwa wameketi, ngoma zimelazwa nyuma yao kwa heshima, zimefunikwa. Zakaria alisema kwa Kirundi, muda mrefu, macho chini. Mimi nilisimama kama mwanafunzi aliyevunja dirisha. Nilielewa jina langu, na neno Uvira, na neno watoto. Chungu kikawekwa katikati. Mzee Nzeyimana akaingiza mrija, akanywa, akaniashiria.

Sikuwa nimewahi kuonja. Nilichovya mrija wangu katika chungu kilekile, nikavuta, nikakohoa mpaka machozi. Wazee wakacheka. Ilikuwa sauti ya kwanza ya wema niliyoisikia siku ile, nikacheka nao, na kicheko kikataka kugeuka kilio.

Mzee akaacha kucheka kwanza.

"Pombe ni ya watu," akasema. "Tumekwisha na we. Lakini ngoma apana kunywa pombe."

"Nifanye nini, mzee?"

Alinyoosha mkono. "Lete kile kijiti."

Nilikuwa nacho mfukoni. Nilimpa. Akakigeuzageuza, akakitia ndani ya shuka yake.

"Kesho tutakuja. We utaingia bila hiki."

"Na nani ataanzisha watu wangu?"

"Ngoma."

"Lakini ngoma haijui nyimbo zetu, mzee. Watajuaje wakati?"

"Leo nimeona mabega yao," akasema, kisha akarudi kwenye mrija wake. Zakaria alinivuta shati: ukishapewa neno na mzee, huliombi mara ya pili.

Asubuhi ya sikukuu uwanja ulifurika. Niliwaambia watu wangu wazi: leo sina kifimbo, ngoma itatuita, sijui itatuitaje. Waliniangalia kama nimelewa, na wawili walikuwa wamesikia habari za chungu. Fanfari haikuwahi kuanza bila mimi. Nilichukua honi moja ya akiba, nikapita mbele ya wote mpaka mstari wa mwisho, pembeni kabisa, nikasimama nyuma ya Zakaria na besi yake. Hapo ndipo nilipomkumbuka Johann kwenye kiti chake, na nikaona haya kwa jinsi nilivyomjibu Bwana Mikkel. Yule Mjerumani naye alikuwa na mke, na mawe yale yangeweza kuwa moto.

Nyuma ya jukwaa kamio ilikuwa imeegeshwa. Huenda ilileta askari tu. Sikuweza kuacha kuitazama.

Ngoma zikaja. Ziliingia vichwani, zinalia huku zinatembea, na umati ukainuka. Walipiga mpaka nikasikia tumbo langu likijibu. Vitenge vilikuwa bado juu ya vyombo vyetu. Nikanong'ona, "Funueni." Kisha ngoma ya katikati ikakata, na zote zikakata nayo.

Kimya.

Ndipo ilipaswa kuwa zamu yetu. Wapulizaji wangu walimtazama Mzee Nzeyimana. Yeye alisimama wima, mikono chini, hatazami mtu. Umati ukaanza kunong'ona. Jasho liliingia machoni mwangu na sikufuta. Nilimwona protokole akiinama sikioni kwa mkubwa mmoja, kisha akanyanyuka na kugeuza kichwa upande wa kamio. Nilitaka kupiga kelele, anza! Nilitaka kuzomea, kupiga mguu, chochote. Nikauma ulimi. Nilikuwa nimeahidi.

Mzee Nzeyimana akainua ufito wake mmoja, polepole, kama mtu anayefukuza nzi. Akaushusha ukingoni mwa ngoma yake.

Ko, ko.

Mabega yakapanda. Pumzi ikaingia. Fanfari yangu ikapuliza kama haijawahi kupuliza, sauti moja, imesimama sawa, hata ile besi ya shemasi. Ngoma zikaingia chini yetu kwa upole, zikatubeba. Mimi honi yangu haikutoa kitu. Nilikuwa nalia, na mtu anayelia hawezi kupuliza. Hilo nalo ni somo la kazi.

Mngedhani hadithi imeisha. Mimi nami nilidhani. Sherehe ilipomalizika, tunafunga vyombo, protokole akaja na askari wawili. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilinitisha kuliko ukosi ulioshikwa.

"Nimetazama vizuri," akasema. "Leo we apana kuongoza. Ulikuwa kule nyuma, hauna hata fimbo. Fanfari imepiga bila we. Basi, Metre, sisi na we tumemaliza kazi."

Kweli ilikuwa kweli. Nilikuwa nimejichimbia kaburi mwenyewe kwa kutii. Mama Furaha alikuwa amefika kutoka upande wa umati, mtoto mgongoni, na aliziona zile sare pande zangu mbili. Akasimama vilevile anavyosimama jikoni.

Ndipo niliposikia miguu nyuma yangu. Wapiga ngoma walikuwa wanatoka, ngoma vichwani, na njia yao haikuwa lazima ipite pale. Ilipita pale. Wakasimama nyuma yangu wote. Mzee Nzeyimana alikuwa mbele.

"Kijiti cha huyu mutu kiko na mimi," akamwambia protokole.

"Basi mpe, mzee. Anasafiri."

"Apana. Nimemwambia atakuja kukichukua sikukuu ingine." Hakuwa ameniambia hivyo, lakini ngoma kichwani mwake haikutikisika. "Nikija nikamukosa, nitampa nani? Nitarudi nacho kwetu. Na ngoma itarudi na mi."

Protokole alizitazama ngoma, moja moja. Alimtazama yule ofisa wa jana, aliyekuwa amesogea karibu, na ofisa akatazama tena viatu vyake. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Sikukuu ingine, basi," akasema, akaondoka na askari wake.

Jioni nilikwenda kwa Bwana Mikkel kuomba radhi. Alikuwa amemaliza ile tarumbeta iliyobonyea, inang'aa. Aliniuliza kama walinirudishia kifimbo kama walivyomrudishia Johann. Nikamwambia hapana, na Mungu awabariki kwa kutonirudishia.

Mwaka uliofuata ngoma zilishuka, nikamwendea Mzee Nzeyimana na chungu, Mama Furaha ndiye mbebaji. Tukanywa. Nikanyoosha mkono. Akatikisa kichwa. "Bado," akasema. Mwaka mwingine vilevile. Mwami akaondoka, jamhuri ikaja, wakubwa wakabadilishana viti na miwani, watu wakapita katika miaka ambayo leo sitaisema mbele ya watoto, na kila nilipomwona mzee yule nilinyoosha mkono naye akaniambia bado. Mimi niliongoza kwa kijiti cha mwanzi, na wito wa kuanza nikauacha kwa ngoma.

Mzee Nzeyimana alipokufa, mwanawe alishuka mjini akanitafuta hadi nyumbani. Alikuwa amekileta, kimefungwa ndani ya kipande cha shuka ileile. Alisema baba yake aliacha neno kwamba sasa naweza kukichukua.

Nilikishika kidogo. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyokumbuka. Kisha nikamrudishia, nikamfungia vidole juu yake.

"Rudi nacho kwenu," nikamwambia. "Bado."